Kipimo cha Tarehe Kumi na Mbili

Mafubira, Jinja
5 Mei 2025

Kwako mdogo wangu Bruhan,

Assalaam aleikum, wewe na Khainza na wale majambazi wenu watatu waliomaliza sukari yangu yote. Huku tuko salama. Goti la Mama limepungua maumivu tangu aanze kulikanda kwa maji ya moto, ila mdomo wake haujapungua kitu. Kila asubuhi anauliza kama umeandika. Nikisema bado, ananitazama kama vile mimi ndiye niliyekuzuia.

Naandika kwa karatasi kama tulivyokubaliana kwenye arobaini ya baba. Kwenye simu tunaishia kupigiana kelele, na Mama akisikia presha inapanda. Wahab wa basi la Mbale amekubali kuzibeba barua zetu bure, mradi tusimwombe abebe na mihogo.

Ahsante tena kwa kuja siku zote nne, Ijumaa mpaka Jumatatu. Majirani bado wanamtaja yule mbuzi. Wanasema mtoto wa Afande anachinja kama baba yake, mkono mmoja tu. Afande angejivuna, kisha angekugombeza kwa kuchafua viatu.

Sasa la kazi. Ripoti ya lango natakiwa kuitia sahihi mwisho wa Agosti, na mwaka huu ni wa tatu na wa mwisho. Acha nikukumbushe tulichoandika kwenye mkataba, maana wakubwa wangu wa ofisini hapa Nalufenya wananikumbusha mimi kila siku. Kila mwaka kumbikumbi wakiruka mara ya kwanza, wewe mlinzi wa bwawa la Nambisi unafungua lango la chini mizunguko minne ya usukani, siku kumi, usiku na mchana. Maji yanapanda kwenye nyasi za bondeni, na samaki wetu ningu wanapata pa kutagia mayai. Miaka mitatu sasa, na ningu hawajarudi hata wa kujaza sufuria. Wakubwa wanasema kama lango lilifunguliwa na samaki hawakuja, basi mto ule umekufa, na haifai kuwanyima watu wa mpunga maji kwa ajili ya maiti. Nikitia sahihi maneno hayo, lango litazibwa kwa zege.

Naigaga, yule mama anayekausha samaki bondeni, alinipigia simu. "Faridah, mwaka hii maji haikufika kwa nyasi. Hata kidogo." Nilimwambia labda hakuangalia vizuri. Nitumie nakala ya daftari la vipimo, nipate cha kumjibu.

Dada yako,
Faridah


Nambisi, Mbale
19 Mei 2025

Dada Faridah,

Wa aleikum salaam. Barua yako Wahab aliniletea ikiwa na harufu ya vitunguu, lakini imesomeka. Khainza anakusalimu sana. Mkubwa wetu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akisoma Qur'ani anapuliza filimbi. Mdogo anakataa kula chochote kisicho wali. Mwambie Mama asali yake imepatikana, naisubiri ikae vizuri kwenye chupa nimtumie, na aliache goti lipumzike, asipande ngazi za jirani kutafuta habari.

Baba mkwe, Mzee Mafabi, amechaguliwa tena kuwa mwenyekiti wa wakulima wa mpunga. Sherehe ilikuwa kubwa. Nilikaa meza ya mbele, nikala mpaka nikaona haya. Unajua yeye ndiye aliyetupa majaruba yale mawili ya chini tulipooana, hakuna siku ninayosahau. Mpunga umesimama vizuri mwaka huu, alhamdulillahi. Ukija mavuno utabeba gunia.

Daftari nimelitoa fotokopi kule mtaa wa Industrial mjini, liko ndani ya bahasha. Lango lilifunguliwa kama mkataba unavyosema. Naigaga analalamika tangu mimi nikiwa mdogo, hata mvua ikimnyeshea anauliza kwa nini imelowa.

Wako,
Bruhan


Mafubira, Jinja
1 Juni 2025

Bruhan,

Salaam. Mama mzima. Asali bado haijafika.

Nimesoma daftari. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Mwandiko ni wako, ile saba yako yenye mkia naijua tangu darasa la pili. Umeandika kwamba kumbikumbi waliruka tarehe tisa Aprili, na kuanzia siku hiyo ukafungua lango. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi umesoma mti wa kipimo na kuandika maji yamefika wapi. Tarehe kumi na mbili umeandika mita moja nukta nne mbili, mizunguko minne, maji masafi.

Tarehe kumi na mbili Aprili, saa kumi na mbili asubuhi, ulikuwa nyuma ya nyumba yangu ukinoa kisu. Mimi ndiye niliyekushikia taa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa arobaini ya baba yetu. Watu mia moja walikuona.

Siwezi kumwonyesha mtu mwingine ukurasa huu kabla hujaniambia nani alisoma kipimo siku ile. Kama ni Nasif, msaidizi wako, niambie ni Nasif, tutajua la kufanya. Kama si yeye, niambie pia.

Faridah


Mafubira, Jinja
6 Julai 2025

Bruhan,

Wiki tano. Wahab anaapa barua alikupa mkononi, ukaitia mfukoni bila kuifungua ukamwuliza bei ya nyanya Jinja. Mama ameanza kuuliza kama tumegombana. Nimemwambia una kazi nyingi, na sasa na mimi nimekuwa mwongo katika nyumba hii.

Mkubwa wangu aliniita Alhamisi. Aliuliza kwa nini ripoti ya Nambisi imekaa mezani kwangu ilhali vipimo vyote vimefika. Nilisema nahakiki. Akasema, "Unahakiki nini, si ni kaka yako anaandika?" Alicheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Nina hofu, Bruhan, na sipendi kuwa na hofu na wewe. Andika hata mstari mmoja.

Faridah


Nambisi, Mbale
13 Julai 2025

Dada,

Watoto wazima. Khainza mzima. Asali nimempa Wahab leo, chupa mbili.

Ulitaka mstari mmoja, chukua. Nasif hahusiki. Niliandika vipimo vya siku nne kabla sijapanda basi kuja kwenye arobaini, na lango nikalifunga. Siku nne tu. Umefurahi?

Sasa nisikilize na wewe. Mvua ilinyesha mara mbili, kumbikumbi wakaruka, halafu jua likawaka wiki mbili. Miche ilikuwa na siku sita tu tangu ipandikizwe majarubani. Ukifungua lango mizunguko minne usiku na mchana, siku ya pili maji yameshuka chini ya mdomo wa mfereji, na familia mia mbili hazina tone. Mzee Mafabi alikuja kwangu na wazee wenzake saba, wakasimama uani, wakakataa viti. "Wewe Bruhan, hii maji ni ya watu ao ni ya samaki? Tuambie leo." Ungemjibu nini wewe? Mtu aliyenipa mke na shamba anakataa kukaa kwenye kiti changu.

Ule wali unaokula kila Ijumaa haukui kwa dua. Ninyi wa ofisini mnahesabu siku kumi kwenye kalenda, kisha mnarudi Jinja kunywa chai. Mimi naishi na hawa watu. Watoto wangu wanasoma na watoto wao.

Ukitaka kuniuza, niuze. Lakini usiniambie habari za Afande, kwamba yeye alifungua lango miaka ishirini na mbili bila mkataba wala nini. Najua unaitunza sentensi hiyo. Kuna mambo ya Afande huyajui, na mimi siyaandiki.

Bruhan


Mafubira, Jinja
27 Julai 2025

Bruhan,

Asali imefika. Mama ameionja akalia kidogo, anasema ni ile ile aliyokuwa akiletewa na baba. Hajui mengine na sitamwambia.

Jumatano nilikuja Nambisi. Nilipita mlangoni kwako saa nne asubuhi, nikaona nguo za watoto kwenye kamba, na lile shuka la bluu nililompa Khainza. Sikubisha hodi. Nimezaliwa na wewe tumbo moja na nimepita kwako kama mkusanya kodi. Niliona uchungu, na bado ninao.

Nilishuka bwawani. Ulikuwa kwenye mfereji wa juu na Nasif, nilikuona mgongo. Nikaenda lango la chini. Kwenye ile nondo ndefu inayopandishwa na usukani, nyigu wamejenga viota vya udongo. Vitatu, kimoja juu ya kingine. Cha juu ni kibichi, kina nyigu ndani. Cha chini kabisa nilikigonga kwa jiwe na hakikuvunjika. Usukani ukizunguka hata mara moja, viota vile vyote vinasagika. Siku nne, Bruhan? Lango lile halijasogea tangu mkataba uandikwe.

Kisha nikateremka kwa Naigaga. Alinionyesha mitego yake ya matete imetundikwa jikoni, imekauka, kuku wanatagia ndani. Aliniuliza kama nilikuja kumwambia tena kwamba hakuangalia vizuri. Sikuwa na pa kuweka uso.

Watu wanasema damu ni nzito kuliko maji. Nimekaa siku tatu nikivipima vyote viwili. Nikitia sahihi, mto unazibwa kwa uongo wako na jina langu. Nikisema kweli, unafukuzwa kazi, labda na zaidi. Siku ya mwisho ni tarehe thelathini Agosti. Sikuombei kwa mtu yeyote na sikushitaki kwa mtu yeyote kabla hujaniandikia kila kitu. Kila kitu, na hayo ya Afande.

Faridah


Nambisi, Mbale
10 Agosti 2025

Dada Faridah,

Assalaam aleikum. Sote wazima. Khainza alipojua ulipita bila kuingia alifua tena lile shuka la bluu ingawa lilikuwa safi.

Nilitaka nyasi ziote kwanza kwenye kaburi la baba ndipo niandike haya. Umekataa kungoja, basi soma.

Unakumbuka siku ya mkataba, hema lilipopigwa juu ya bwawa na wageni wako wakaja na magari manne. Afande alivaa koti lake la kijeshi. Alisimama akasema maneno marefu kwa Kiswahili, na wewe ndiye uliyekuwa mfasiri. Alisema siku kumi mfululizo zitaua mpunga. Alisema mvua ya mlimani hunyesha alasiri na maji yake yanafika bwawani Magharibi, wakati wakulima wameshaziba mfereji wao wakaenda nyumbani. Fungua Magharibi, funga Alfajiri. Ningu hupanda gizani. Kila mtu atapata chake na hakuna atakayejua ulipita. Ndivyo alivyofanya miaka ishirini na mbili.

Alipomaliza, uliwageukia wageni ukasema kwa Kiingereza: Mzee anawasalimu na anashukuru kwa msaada wenu.

Ulidhani Afande hajui Kiingereza. Dada, yule mtu alikuwa jeshini miaka kumi na tisa. Alikaa chini akapiga makofi kama wengine. Nilikuwa kando yake. Jioni alishuka kwenye lango la chini, akalikaza mpaka usukani ukalia, akanipa ufunguo. "Sasa ni kazi yako," akasema. "Usiguse hii lango. Ukitaka kuandika, andika kile wao wanataka kusoma." Hakufungua tena kinywa juu ya samaki mpaka anakufa.

Basi mwaka wa kwanza niliandika uongo kwa sababu ya amri yake. Wa pili kwa sababu nilishazoea. Wa tatu kwa sababu ya miche na Mzee Mafabi, na hapo sina wa kumsingizia. Njia ya Afande niliijua. Ningeweza kufungua Magharibi hata kimyakimya. Niliogopa baba, kisha nikaogopa mkwe, na samaki hawakuwa na mtu wa kusimama uani kwangu.

Fanya unaloona sawa.

Bruhan


Mafubira, Jinja
16 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Ni kweli. Yote, mpaka neno la mwisho.

Koti lake lilikuwa na kiraka begani, na wageni walikuwa wanatazamana kila alipopandisha sauti. Nilimwonea aibu baba yangu. Nikajiambia kwamba mambo yake ya Magharibi na Alfajiri hayana vipimo, nitayaangalia baadaye. Baadaye haikuja. Idd mbili baada ya hapo alikula mezani kwangu, akasifu pilau, akaombea watoto wangu, na hakusema kitu. Sasa najua alinyamazia nini. Jana nilijifungia chumbani nikalia mpaka Mama akagonga mlango, nikamwambia ni vitunguu. Hakuuamini uongo huo, lakini alirudi kwenye kiti chake.

Nimekwenda kwa mkubwa wangu. Nimemwambia vipimo vya Nambisi si vya kweli, na kwamba mkataba wenyewe uliandikwa vibaya na mtu aliyeziba mdomo wa mlinzi wa lango wa wakati ule, na mtu huyo ni mimi. Hakucheka safari hii. Ameniongeza wiki mbili niandike upya. Kuhusu wewe alisema barua itakuja, na mimi sikuomba huruma kwa sababu sikuwa na uso wa kuomba.

Mvua za Agosti zimeanza huku. Huko kumbikumbi wameruka? Sikuulizi kwa niaba ya ofisi. Ofisi imekwisha kusema yake. Nakuuliza kama dada.

Faridah


Nambisi, Mbale
7 Septemba 2025

Dada yangu Faridah,

Assalaam aleikum wewe, watoto na Mama. Huku wazima, ila mimi nina jicho moja. Nilivunja viota kwa nyundo ya Afande na nyigu wakanilipa papo hapo. Khainza alinipaka kitunguu huku akicheka, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ulipopita.

Kumbikumbi waliruka tarehe ishirini na mbili Agosti. Sikusubiri mtu aniruhusu. Usukani uligoma, ilibidi mimi na Nasif tuutie mafuta na tuuning'inie wote wawili. Mzee Mafabi alifika na wakulima wake na majembe yao, wakasimama ukingoni. Nilimwambia, "Baba, kama Alfajiri mfereji hauna maji, nitupeni ndani yake." Akasema, "Tutakutupa." Maji ya mlimani yalifika Magharibi, kama Afande alivyosema, na nikafungua mizunguko miwili.

Alfajiri nilifunga. Mzee Mafabi alikuwa ameshafika kabla yangu, amechomeka fimbo yake mferejini kupima maji, mfereji ukiwa bado umezibwa. Aliwangoja wakulima, wakazibua, akaichomoa akaitazama ilivyolowa, akaondoka bila kunisalimu. Jioni alituma mtu aniulize kama nahitaji mafuta zaidi ya usukani. Nimefanya hivyo siku kumi. Si kwamba haikuuma. Siku mbili mvua ya mlimani ilikuwa kidogo, na majaruba ya chini kabisa hayakupata maji mpaka adhuhuri. Mawili ni ya Khainza. Amenisema vya kutosha, na ana haki.

Ningu sijaona. Naigaga anasema maji yamefika magotini pake kwenye nyasi, basi. Ameshusha mitego yake jikoni, lakini bado hajaitega. Anasema mwaka huu watage kwanza.

Barua ya ofisi imekuja. Nimesimamishwa, na kesho ufunguo anauchukua Nasif. Nimemwonyesha kila kitu. Nitalima na Khainza, tutaona. Usijilaumu kwa hili, jilaumu kwa lile lako, na mimi nitajilaumu kwa langu. Afande tumwachie Mungu, ila uende kaburini kwake umwambie kwamba maneno yake umeyatafsiri sasa.

Nakutumia daftari lenyewe, si fotokopi. Sikuchana hata ukurasa mmoja. Niliketi na kalamu nyekundu siku mbili, nikapiga mstari kila kipimo cha uongo, miaka yote mitatu, na kando yake nikaandika kilichokuwa kweli. Ule ukurasa wako niliuacha wa mwisho. Sasa unasomeka hivi:

Tarehe 12 Aprili 2025. Kipimo hakikusomwa. Mlinzi hakuwepo, alikuwa Jinja kwenye arobaini ya baba yake. Lango lilikuwa limefungwa.

Wako,
Bruhan